Kiti cha Mama, Dirishani

Aktau, 12 Oktoba 2014

Wifi yangu Baghila,

Hamjambo huko Zaisan? Nawasalimu wewe, kaka na watoto, na mama zaidi ya wote. Najua unamsomea haya kwa kupaza sauti hadi majirani wanasikia, kwa hiyo leo simsengenyi mtu. Mimi mzima. Upepo wa huku umeshaanza kutukwangua nyuso, na jikoni kambini tumepata sufuria mpya kubwa ambayo ningeweza kuogea. Wachimba mafuta wanakula kama wana matumbo mawili mawili. Simu bado tunaziacha getini tunapoingia zamu, kwa hiyo msishangae mkinikosa mwezi mzima.

Habari nyingine si nzuri. Unamkumbuka Marzhan, yule wa Semey ninayelala naye chumba kimoja? Baba yake amefariki. Wiki nzima kambi yote ilijua isipokuwa yeye. Tunakula naye, tunacheka naye, tunamwangalia akimfumia baba yake soksi! Mpaka wazee watatu wa ukoo wao walipofika getini na kofia zao, wakamketisha chini, wakamweleza kwa taratibu zote. Alipowaona tu kwa mbali alianza kupiga kelele. Najua ndiyo desturi yetu, habari ya msiba haisemwi kwa simu wala kwa karatasi. Lakini nilichukia. Ninyi msije mkanifanyia hivyo. Siku nikiona wazee watatu getini nitakimbilia jangwani, wanitafute na ngamia.

Haya, jambo lenyewe. Mama, sikiliza vizuri. Orynkul anaaga jukwaa! Nimesoma gazetini. Anaimba kwa mara ya mwisho Almaty, tarehe 28 Machi, baada ya sikukuu ya Nauruz. Nimeshanunua viti viwili, changu na chako. Daktari alisema sikio la kushoto limekwisha na la kulia nalo linaaga, sasa tusubiri nini? Umemsikiliza redioni tangu usichana. Safari hii utamsikia ukimwona.

Nimeanza kutafuta ndege. Mimi kutoka huku, wewe kutoka Oskemen, uwanja wenu wa karibu, tukutane Almaty. Kuna mashirika matatu na yote yana vituko vyake. Nitawaandikia nikishayaelewa.

Ni mimi,
Kamshat


Zaisan, 3 Novemba 2014

Deko wetu,

Barua yako imefika, nimeisoma mara tatu kwa amri ya mama. Watoto wazima, kaka yako mzima, ila amegombana na trekta na trekta limeshinda. Theluji imeanguka mapema, ng'ombe wameshaingia zizini. Pole sana kwa Marzhan. Mfikishie mkono wetu.

Sasa naandika maneno ya mama kama anavyoyatamka, amekaa hapa pembeni na fimbo yake.

"Kamshat mwanangu, kwanza ujue huyu mke wa kaka yako ana mwandiko kama kuku aliyekanyaga masizi, na chai yake leo ni maji ya kuoshea vikombe. Umesikia, wewe unayeandika? Mwambie nakuja. Orynkul ana buti zangu. Alikuja kwenye shamba letu la ushirika mwaka ule wa mvua nyingi, akaimba juu ya lori, hana viatu vya maana, tope hadi magotini. Nikamvulia buti zangu mpya. Akaondoka nazo! Nilirudi nyumbani pekupeku na marehemu mama yangu akanichapa. Nitamdai mbele za watu. Na mimi nataka kiti cha dirishani. Na uulize kama kwenye ndege wanaruhusu soseji ya farasi na siagi, siwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu hata kama ni mwizi wa buti."

Mwisho wa maneno yake. Nimeyaandika yote, hata ya chai.

Wifi, mimi nakuomba kitu kimoja. Usichague ndege inayofika alfajiri. Uwanjani mama hatasikia wakitangaza, na kumwacha peke yake pale siwezi hata kufikiria.

Wifi yako


Aktau, 29 Novemba 2014

Wifi mwoga,

Miaka kumi na sita umo nyumbani kwetu na bado unaniita Deko! Ningekuwa mtoto ningesema sawa. Nina mvi tatu sasa, andika jina langu, halitakuuma. Najua, najua, mke hataji majina ya watu wa mumewe. Basi endelea. Mama hajambo? Miguu yake? Mwambie chai yako naitamani, ya huku ina harufu ya mafuta.

Nimekaa kwa wakala wa tiketi mpaka kanipa na biskuti. Sikilizeni matokeo.

Ndege ya Kijani ndiyo ya bei poa. Rahisi kiasi kwamba nilidhani amekosea. Lakini mzigo unalipia, chai unalipia, kiti cha dirishani unalipia, nadhani hata kupiga chafya unalipia. Inafika Almaty gizani. Na ukishakata, basi: hela hairudi, jina halibadilishwi, hata abiria avunjike miguu yote.

Ndege ya Buluu ni ghali, karibu mara mbili. Inafika mchana, chakula kipo, mzigo mkubwa unaruhusiwa, soseji na siagi zote zinaingia. Kuna mhudumu anayemshika mzee mkono hadi mlangoni. Ukiongeza kidogo wanakuruhusu kubadilisha tarehe na jina.

Ya tatu ni ile ya mapanga puani. Hiyo inaruka ikijisikia.

Mama, wewe chagua. Mshahara wangu unatosha yoyote, usijifanye unanihurumia. Niandikieni jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, wakikosea wanamrudisha mlangoni.

Kamshat (unaona? rahisi tu)


Zaisan, 20 Desemba 2014

Deko wetu,

Salamu za wote hapa. Tumechinja farasi wa msimu wa baridi, kanona vizuri, nyama imeshaning'inizwa. Mkubwa wangu kashika nafasi ya kwanza darasani, mdogo kashika mafua. Baba yako mkubwa, Mzee wa Kofia, alikuja kula maini, akaniuliza mwanawe wa jangwani anaolewa lini. Nikamwambia akuulize mwenyewe, ana fimbo na wewe una mdomo.

Jina la mama ameliandika kaka yako hapo chini, mimi mkono wangu hauwezi. Usinicheke.

Mama ameshona kizibao cha mahameli ya zambarau kwa ajili ya safari, vifungo vya fedha ni vya harusi yake. Kila jioni anakivaa, anakaa karibu na redio, anakivua. Ana kikohozi kidogo, ni baridi tu. Maneno yake haya hapa.

"Kata hiyo ya bei poa. Mimi si malkia. Nitafika gizani, nitakaa juu ya begi langu, kwani mimi ni yai? Hela ya ile nyingine ninunulie buti, maana za kwangu anazo mtu. Na huyu anayeandika leo kaunguza mkate pande zote mbili, sijui alipata wapi moto mwingi hivyo. Anacheka huku anaandika, mwone. Kamshat, dirisha usisahau. Nataka kuona nilipozaliwa kutoka juu, nione kama ni padogo kama ninavyokumbuka."

Ni kweli nilikuwa nacheka. Lakini mkate uliungua upande mmoja tu.

Wifi, usimsikilize. Kata ya Buluu. Nakuomba.

Wifi yako

KULPASH, ndilo jina kama lilivyo. Kaka yako.


Aktau, 15 Januari 2015

Wifi,

Heri ya mwaka mpya, mwaka umeanza vibaya kwangu kwa jino, nimeling'oa. Watoto wote nawabusu. Mdogo mafua yameisha?

Sijakata tiketi. Nilienda mara mbili. Mara ya kwanza bei ya Kijani ilikuwa imeshuka, nikasema nisubiri ishuke tena. Mara ya pili imepanda kama mwendawazimu. Wakala ananiambia bei zinabadilika usiku, mtu akilala tu zinaamka. Nikarudi bila kitu, nimekasirika. Ubahili wangu mnajua nimeurithi wapi.

Kesho kutwa naingia zamu, natoka katikati ya Februari, nikitoka nakata siku hiyo hiyo.

Kikohozi cha mama mbona umekitaja mstari mmoja ukapita haraka? Mpeleke kwa daktari hata akikupiga fimbo. Mama, usijifanye hodari. Hukai juu ya begi gizani mimi nikiwa hai. Umenisikia? Kunywa maziwa ya moto na mafuta ya mkia wa kondoo, na umwache wifi yangu aandike kwa amani.

Kamshat


Zaisan, 19 Februari 2015

Deko wetu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Jino limepona? Sisi wazima, alhamdulillahi. Samahani nimechelewa kujibu. Ilipiga dhoruba ya theluji siku nyingi, barabara ya Oskemen ikafungwa, ndege hazikuruka, hakuna aliyetoka wala kuingia. Simu yetu nayo imeharibika. Kaka yako anasema mliongea kidogo ulipotoka zamu na mlisikilizana vibaya, ni hiyo simu.

Nyumbani kuna wageni wengi msimu huu, watu wanapita pita, ndiyo maana napika siku nzima na mkono umechoka. Usishangae mwandiko.

Mama anakusalimu. Leo amepumzika, kwa hiyo naandika kwa kifupi alichosema. Anasema anakupenda sana. Anasema umemlea vizuri kwa hela zako na ana radhi nawe. Kuhusu buti amesema si kitu, alimpa kwa moyo mweupe. Anasema mimi pia nimemtunza vizuri, ni mkwe mwema, ananishukuru.

Kuhusu safari, wifi, mipango imebadilika kidogo tu. Mzee wa Kofia na wazee wengine wawili wana shughuli zao Almaty siku hizo hizo. Watakupokea uwanjani wao. Kwa hiyo usihangaike na ndege ya kutokea Oskemen, kata yako peke yako, yoyote ile, na kama unaweza kuja mapema zaidi ya tarehe 28 uje. Hata kwa ile ghali. Kama hela haitoshi tutachanga sisi.

Kula vizuri. Usikae peke yako jioni, kaa na Marzhan.

Wifi yako anayekupenda


Aktau, 4 Machi 2015

Wifi Baghila,

Salamu kwako, kwa kaka, kwa watoto. Huku barafu inayeyuka, uwanja wote ni tope. Jino limepona. Nakula. Marzhan ananiwekea nyama zake kwenye sahani yangu na anakwepa macho yangu, sasa yapata wiki mbili. Juzi nilimkuta kashika shali yangu analia, akasema ni vitunguu. Chumbani hatuna vitunguu.

Wacha nikueleze habari za ndege.

Siku niliyotoka zamu nilimpigia kaka. Aliitikia, akakohoa, akasema "mama amelala." Saa sita mchana! Mama ambaye husema kusinzia mchana ni kwa wavivu wa mjini. Nyuma yake nikasikia wanawake wengi na sufuria, na mtu anasoma Kurani. Nikamwuliza nani huyo. Akasema redio. Simu ikakatika, na wewe unaandika imeharibika.

Nikaenda kwa wakala. Ndege ya Kijani ilikuwa imeshuka bei, rahisi kuliko siku zote, hata dirisha lake. Nilikuwa nayo mkononi. Halafu nikamwambia hapana, nipe ya Buluu, tiketi mbili, ya Aktau na ya Oskemen, yenye ruhusa ya kubadilisha jina. Akashangaa. Akaniuliza, abiria wako wa Oskemen anaumwa? Nikamwambia mama yangu mzima, ameshona kizibao. Nikalipa. Nikasaini jina lake, KULPASH, kama kaka alivyoandika. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, watu wakinipita.

Lakini bado nilisema labda. Nilisema nisubiri barua yako. Kila siku nikijiambia, wifi atamwandika mama, mama atatukana, nitacheka, nitaona haya kwa kuwaza upuuzi.

Barua ikaja. Mama anakushukuru! Wewe ni mkwe mwema! Buti si kitu! Wifi, umekaa naye miaka kumi na sita, amekuita kila jina isipokuwa lako, na wewe umeyaandika yote kwa mkono wako bila kupunguza hata la chai. Safari hii umeshindwa nini? Ungeandika tusi moja tu, hata dogo, la chumvi kuzidi, ningelala usingizi. Ningeamini. Ningekuja Almaty na gunia la soseji ninacheka.

Najua kwa nini umeshindwa. Mtu hawezi kumsingizia matusi aliye chini ya udongo. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyesema bei ishuke tena. Januari angeweza kuwa na tiketi yake mkononi, angeishika, angeionyesha majirani.

Mpaka sasa hakuna aliyeniambia chochote. Kwa hiyo silii. Nakoroga uji, nahesabu vijiko. Sijui kama unaelewa hali hii, ni kama nimeshika kitu cha moto na siruhusiwi kukiweka chini.

Sikiliza. Sitaki wazee. Mwambie baba mkubwa namheshimu, lakini nikizishuka ngazi za ndege nikaziona kofia tatu zimesimama pale, nitarudi ndani ya ndege. Nakuapia.

Nimeenda kwa wakala leo. Nimebadilisha jina. Tiketi ya Oskemen, tarehe 27, kiti cha dirishani, sasa ina jina lako. Imo kwenye bahasha hii. Mzigo mkubwa unaruhusiwa. Kuna mhudumu wa kukushika mkono ukiogopa, na najua utaogopa. Unatangulia kufika kwa saa moja. Nisubiri.

Wewe ndiye ulikuwa naye. Wewe ndiye niambie, kwa mdomo wako, hata kama si desturi mwanamke tena mkwe kufanya hivyo. Alisemaje. Alikuwa amevaa nini. Alimtukana nani mara ya mwisho.

Kamshat


Zaisan, 16 Machi 2015

Wifi yangu,

Salamu za hapa utazipata kwa mdomo. Sote tunapumua.

Mzee wa Kofia nilimsomea barua yako. Sikumficha kitu, nilisoma hata pale pa kofia tatu. Aliivua yake, akaiweka magotini. Kisha akasema desturi iliwekwa ili mtu asiwe peke yake habari inapomfikia, na kama umechagua wa kuwa naye, basi. Akanifundisha maneno ya kuanzia. Nimeyakariri nikiwa zizini, nawaambia ng'ombe. Nayapoteza kila mara katikati. Ukiona nimekwama nivumilie.

Mengine uliyoniuliza siyaandiki. Nitakueleza nikiwa nimekushika.

Tiketi imefika. Sijawahi kupanda ndege, na kweli naogopa, kaka yako ananicheka lakini ameniazima saa yake. Nimefunga soseji na siagi, mzigo wote. Kwa Orynkul tutakwenda wote wawili, viti vipo. Tukishindwa kukaa hadi mwisho tutatoka. Nitaangalia dirishani nione alipozaliwa, nikuambie kama ni padogo.

Uwanjani utanijua kwa mbali. Nitakuwa nimevaa kizibao cha zambarau. Hakikuwahi kutoka nje ya nyumba hii, na wanawake walipogawana nguo zake niliwaomba hiki nikutunzie wewe. Nitakivaa mpaka kwako tu, halafu ni chako. Kinanibana kwapani. Najua angesema nini kuhusu hilo.

Ukikiona, usikimbie. Simama hapo hapo, Kamshat. Nitakuja mimi.

Baghila